Barua ya wazi kwa mjomba anayeandikia kitabu cha wahitimu

Shikamoo Mjomba,

Rasimu yako ya kitabu cha wahitimu wa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nimeisoma. Vyeo vimejaa, mtu simwoni. Wastaafu wengi huandika hivyo: Afisa Mipango, Afisa Mipango Mwandamizi, Mkurugenzi, basi. Vyeo viko kwenye tange, ile orodha ya watumishi na madaraja yao. Sisi tunataka yale ambayo masijala haikuyahifadhi.

Anza na njia iliyokufikisha chuoni. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, kwa kawaida mtu hakutoka kidato cha sita akapanda Mlimani moja kwa moja. Alitakiwa kwanza afanye kazi, kisha mwajiri na chama wampendekeze. Kwa hiyo darasani kwenu walikaa walimu, makarani, watu wenye watoto tayari. Kijana aliyesoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, ambayo sheria yake ni ya 2004, hilo halijui kabisa. Mweleze ulikuwa na kazi gani, nani alikuandikia barua, mshahara ule ulikuwa unamlisha nani nyumbani, na ulipouacha ada za wadogo zako alizibeba nani. Hapo usibane maneno, jaza hata ukurasa mzima. Vyeo vyote aya moja inavitosha.

Tarehe usizitoe kichwani. Fungua jalada lako: barua ya ajira, ya kuthibitishwa kazini, za uhamisho. Barua moja huweza kukupa tarehe tatu, ya kuandikwa, ya kuripoti na ya kuanza mshahara. Wewe shika ya kuripoti.

Majina ya mahali nayo yanateleza. Umeandika kwamba mwaka 1979 uliajiriwa na Halmashauri ya Wilaya ya Mbulu, Mkoa wa Manyara. Mjomba, halmashauri za wilaya zilifutwa 1972 kwenye Madaraka Mikoani, serikali ilipopeleka utawala wake mikoani na wilayani, zikarudi 1984, na Manyara ilimegwa kutoka Arusha mwaka 2002. Andika jina la wakati ule, kisha "sasa Manyara" kwenye mabano. Msomaji aliyewahi kufanya kazi huko ataliona kosa hilo kabla hajamaliza mstari, na kuanzia hapo hatakuamini tena.

Sasa utumishi wenyewe. "Nilileta maji vijijini" haitoshi. Chagua mradi mmoja tu. Dokezo, yaani andiko la ofisini la kuombea idhini, liliandikwa na nani, likakaa mezani kwa nani, nani akaliidhinisha, fedha zilitoka fungu gani, vijiji vingapi vilipata maji na vingapi vilirukwa, na kwa nini. Kama mashine ilisimama kwa kukosa dizeli miaka ile baada ya vita vya Kagera, sema ilisimama, na sema watu walirudi kuchota wapi. Mradi uliokufa ukielezwa vizuri una faida kwa afisa kijana kuliko kumi iliyozinduliwa kwa ngoma. (Na risala ya mgeni rasmi iache, hata kama uliiandika wewe.)

Mipaka ipo. Waraka wenye muhuri wa SIRI usiunukuu wala usiupige picha. Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970 haikuachii kwa sababu umestaafu. Ugonjwa wa mwenzako au shauri lake la nidhamu si mali yako kusimulia, hata kama ofisi nzima ilijua.

Picha mbili zinatosha. Nyuma ya kila moja andika kwa penseli, maana wino hupenya: mahali, mwaka, na majina kutoka kushoto, mstari wa mbele kwanza. Usiyemkumbuka andika "hajatambuliwa", usikisie. Mjukuu aziskani kwa nukta 300 kwa inchi, na kwenye WhatsApp atume kama dokumenti, si kama picha ya kawaida, la sivyo sura zitafifia zikichapwa. Zile za asili zisitumwe kwa basi. Jumamosi nitakuja kuzichukua mwenyewe, pamoja na rasimu ya pili.