Nyota wa besiboli atolewe mapema au asitolewe kabisa
Ndugu Mhariri,

Wanaopinga klabu ya besiboli kubadilishana nyota wake hawahesabu muda uliobaki kabla mchezaji hajawa huru kwenda klabu nyingine. Washington Nationals walimtoa Juan Soto Agosti 2022, baada ya yeye kukataa mkataba wa miaka 15 wa dola milioni 440. Klabu ilikuwa bado na haki ya kubaki naye hadi mwisho wa 2024, ndiyo maana San Diego Padres walitoa chipukizi wa maana: CJ Abrams, MacKenzie Gore, James Wood na wengine.

Boston Red Sox walingoja hadi Mookie Betts abakiwe na msimu mmoja tu, 2020. Wakaambulia Alex Verdugo na chipukizi wawili, tena wakalipia nusu ya mshahara wa mrushaji David Price aliyeondoka pamoja na Betts. Inauma! Betts alikuwa na miaka 27; alistahili mkataba mrefu palepale Boston. Los Angeles Dodgers, waliomchukua, walimpa mkataba wa miaka 12, wakatwaa ubingwa mwaka huohuo.

Msomaji wenu,
Dar es Salaam