Mwanangu, mabua usiyauze

Mwanangu,

Salamu toka nyumbani, sote wazima. Dada yako kaniambia umekodi ekari mbili huko Babati, na umeshaongea na mwenye ng'ombe awalete kula mabua ukivuna mahindi. Usiyauze, baba.

Ukivuna mahindi, ngwara, yale maharage ya kutambaa utakayochanganya nayo, zitakuwa bado shambani zinatoa maua. Ng'ombe hachagui. Atakula mabua, atakula ngwara, na kwato zitashindilia udongo hadi mvua ijayo ipite juu juu. Kwa hela gani hiyo?

Ngwara usizipande siku moja na mahindi, zitayapanda na kuyalaza. Ngoja wiki mbili tatu, ndipo uweke mbegu mbili kila shimo, katikati ya mistari. Zikishatambaa, magugu yanakosa jua na udongo haukauki upesi. Mzizi wake unakwenda chini. Mvua ikikatika mahindi yananyauka, zenyewe kijani. Habari za naitrojeni, hiyo mbolea ngwara inayoiacha udongoni, umesoma wewe, mimi naona tu mahindi ya mwaka unaofuata. Zikianza maua kagua kila asubuhi, vidukari na funza wa maganda hawakawii.

Baba yako hasemi kitu, ila jana kamhadithia jirani habari za shamba lako mara mbili. Mimi nilidhani utazeekea kwenye bodaboda. Lakini kukodi bila hata kutuuliza, hilo tutaongea ukija.

Wanunuzi wa Kenya wanazitaka zile ngwara nyeusi zenye mstari mweupe, wao wanaziita njahi, humpikia mama aliyejifungua. Wasipovuka mpaka bei inaanguka, kwa hiyo nyingine weka ule. Loweka usiku kucha, maji yake mwaga, kisha chemsha mpaka ziive kabisa. Wewe wa chipsi hutakuwa na subira hiyo, najua.

Na huyo mwenye shamba, mwandikishane: mifugo isiingie mpaka ngwara zivunwe. Watu wengi wakiona mahindi yametoka wanajua shamba ni la wote. Mwenye ng'ombe mpigie leo, kama alikupa kishika uchumba mrudishie.

Jiko la nje linavuja, ukipata hela ya mabati mawili utume kabla ya vuli. Mbegu za ngwara debe moja nimempa kondakta wa basi la Jumatano. Gunia ni la mkwe wa dada yako, analiulizia, lirudishe.

Mama yako