Kabla hujatia saini

Mjini, Unguja

Shoga yangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Barua yako nimeipata, na nimefurahi mno kusikia zahanati yenu ya Chake Chake inakaribia kufunguliwa. Unaniuliza umwajiri kijana wa kompyuta akae hapo hapo, au uingie mkataba na ile kampuni ya Dar es Salaam. Kaka yako anataka kampuni, kwani haina likizo wala michango ya ZSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar. Mumeo anamtaka kijana, na hoja yake ni kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka.

Nyoka wa siku hizi, wengi wanauawa kwa mbali. Programu ya kuandikisha wagonjwa ikigoma, au muuguzi akisahau neno lake la siri, mtu aliyeko Dar anaingia kwenye kompyuta yako kupitia mtandao na kuitengeneza wewe unatazama. Lakini chumvi ya bahari ikila plagi ya rauta, kile kifaa kinachogawa mtandao, au panya akitafuna waya darini, huyo wa mbali atakwambia uzime uwashe, kisha atakupangia fundi wa kuja na boti wiki ijayo. Mgonjwa yuko kwenye benchi anangoja majibu ya malaria! Na mtandao wenyewe ukikatika? Mei 2024 zilikatika nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, na Tanzania tukawa miongoni mwa walioumia zaidi. Siku kama zile hata kampuni hodari haikufikii.

Usimpe mumeo ushindi bado. Wiki ina saa 168, na kijana mmoja anafanya kazi kama 40 tu. Ataumwa, ataoa, na akiwa hodari kweli ataitwa bara kwa mshahara ambao wewe huuwezi. Tena anayejua kuunga nyaya si lazima ajue kuilinda seva, ile kompyuta kuu inayotunza kumbukumbu zote. Hapo ndipo roho yangu haitulii, kwa kuwa yenu ni zahanati. Mei 2017 kirusi kiitwacho WannaCry kilifunga mafaili ya kompyuta nchi nyingi na kudai pesa. Kule Uingereza hospitali za serikali zilikwama, na miadi inayokisiwa kuzidi 19,000 ikavunjwa. Microsoft walikuwa wameshatoa sasisho la kuuziba upenyo kilimopitia kirusi hicho tangu Machi ya mwaka huo huo. Dawa ilikuwepo, kompyuta nyingi hazikupewa. Kazi ya kusasisha haionekani, hakuna anayekuja mlangoni kuidai, na kijana aliyezongwa na printa ataiahirisha kila siku. (Zile kompyuta za mtumba ulizoziona: Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kama haziwezi kupokea Windows 11, usizichukue hata ukipunguziwa bei.)

Mimi naona uwachukue wote wawili, kila mmoja na kazi yake. Mwajiri kijana wa Pemba, au binti, aliyesoma Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) au Taasisi ya Karume pale Mbweni, ashike mashine, nyaya, printa, na kuwafundisha wauguzi. Kampuni ipe kazi ya seva, masasisho, ulinzi na nakala za akiba. Kwa zahanati ya ukubwa wenu hamhitaji mkataba mkubwa wa kila kitu, na msikubali kuuziwa.

Kwenye bei, soma taratibu. Uliza nauli ya fundi kuja Pemba inalipwa na nani, na simu ya usiku inahesabiwaje. Wakikuandikia kwamba watajibu ndani ya saa moja, elewa kuwa kujibu ni kupokea simu tu. Wadai muda wa kutengeneza nao uandikwe.

Liko jambo ambalo wanaume wako wawili hawakuligusa, na mimi nalihofia kuliko bei. Chake ni mji mdogo. Kijana wako atawajua wagonjwa kwa sura na kwa ukoo, na majibu ya UKIMWI au ya mimba ya binti wa watu yatakuwa ndani ya kompyuta anazozitengeneza. Fundi wa Dar hamjui mtu, ila naye usimwachie mlango wazi. Kutengeneza printa hakuhitaji kufungua faili la mgonjwa. Mwambie anayekuwekea mfumo kwamba fundi awe na ruhusa zake na daktari zake, na kila anayefungua faili jina lake na saa viandikike. Mwanamke akisikia siri yake imetoka kwenu, harudi, na wenzake hawaji.

Pia funguo zikae kwako. Hoteli moja niliyowahi kufanya kazi ilimwachia mkandarasi asajili anwani ya tovuti na barua pepe kwa jina lake mwenyewe. Walipoachana kwa ugomvi, wageni wakawa wanaandika kwenye anwani ambayo hoteli haiwezi kuifungua, na ilikuwa Julai, msimu umepamba moto. Anwani ya zahanati isajiliwe kwa jina la zahanati. Maneno ya siri makuu yaandikwe, yatiwe kwenye bahasha, yafungiwe kasha la pesa, na yabadilishwe siku ile ile mtu anapoondoka, awe mwajiriwa au kampuni. Nakala za kumbukumbu ziwe tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja ikae nje ya jengo, hata kwa dada yako Wete, mradi ifungwe kwa neno la siri. Kisha kila baada ya muda waambie wakurudishie faili moja mbele ya macho yako. Nakala isiyojaribiwa usiihesabu.

Rasimu ya mkataba nitumie kwa WhatsApp, na hasa nataka kuona kifungu cha kuvunja mkataba: watakukabidhi nini, kwa siku ngapi, na kwa malipo gani. Kama hakimo, wasikuharakishe.

Nisalimie mama, na wabusu watoto.

Wako akupendaye,
shoga yako wa Mjini