Yona, toa kwanza lile kufuli

Mbukwenyi wote hapo Nkuhungu. Mimi huku Leeds, Uingereza, sijambo, baridi ishaanza ila kazi zinaenda. Jana usiku mama kanipigia, nikasikia tu sauti nikajua kuna jambo, ndo akanambia umemfungia mpangaji wetu mama Neema chumba, umeweka kufuli lako juu ya lake sababu ya kodi ya miezi miwili, na sare za mtoto ziko ndani. Mdogo wangu nakuomba ukimaliza kusoma kalitoe, hata kama ni usiku.

Najua tangu baba atutoke nyumba yote umeibeba wewe, hatuna hela ya kumlipa mtu wa kuisimamia, na 160,000 ndo dawa za mama hizo. Sisemi asilipe. Deni ni haki yetu kulidai, ila kwa kufuli lile yeye ndo anakuwa mlalamikaji na sisi tunajibu.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inampa mpangaji anayelipa na kufuata masharti haki ya kukaa bila kubughudhiwa. Akikosea unampa notisi ya maandishi, unataja kosa na muda wa kulirekebisha, unabaki na kopi. Akigoma unaenda Baraza la Kata, na ujue tangu 2021 wale wanasuluhisha tu hawaamui kesi, wakishindwa ndani ya siku 30 ndo unapanda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ni mlolongo, najua, ila ukiufuata hakuna wa kukugeuzia kibao.

Alafu hili la mkataba linaninyima usingizi. Mlikubaliana kwa mdomo, na kwa upangaji usiozidi mwaka sheria inaruhusu, lakini siku mkibishana utaonyesha nini? Na kwa vile analipa kwa mwezi, ukitaka atoke notisi isipungue mwezi mmoja, hakuna cha "kesho nisikukute". Andikeni. Na anayesaini ni mama, sio wewe wala mimi hata kama bati nilituma mimi, maana nyumba bado ina jina la marehemu baba na mahakama ilimteua mama kuwa msimamizi wa mirathi. Mkishasaini peleka TRA, wale wa mapato, ulipie ushuru wa stempu, ni asilimia 1 ya kodi ya mwaka, kwa chumba cha 80,000 inakuja 9,600. Bila hiyo stempu baraza linaweza kuukataa mkataba kama ushahidi mpaka ilipiwe, sasa kwa nini tukwame kwa 9,600? Na kila akilipa mpe risiti, hata ya kitabu cha dukani.

Mama kasema pia mligombana kwa LUKU, huo umeme wa kulipia kabla. Ile 1,500 inayokatwa kila mwezi ni kodi ya jengo, ni yetu wenye nyumba. Kama ilikatwa kwenye umeme alionunua yeye, itoe kwenye deni lake. Na wale wa ofisi wanaotaka fremu ya mbele wakikata asilimia 10 ya pango kama kodi ya zuio, ile wanayoipeleka TRA, usigombane nao, waombe tu karatasi ya makato.

Yona, mimi huku ni mpangaji. Mwenye nyumba akitaka kuja kukagua bomba ananiandikia saa 24 kabla, na kunitoa hawezi bila amri ya mahakama. Mwaka juzi nilipougua nikachelewesha kodi karibu miezi miwili, sikuwaambia kwa sababu mama angelia. Aliniandikia barua, akasubiri, nikalipa kidogo kidogo nikamaliza, na siku zote hizo nililala kwenye kitanda changu. Nikimfikiria mama Neema na yule mtoto wamelala kwa jirani nakumbuka ile miezi, kifua kinabana.

Kwa hiyo fungua, muombe radhi mbele ya mama, mkae muandike atalipaje kwa awamu, wasaini yeye na mama, mwenyekiti wa mtaa awe shahidi. Piga picha hiyo karatasi unitumie WhatsApp. Mwambie mama hela ya dawa nimeshatuma asubuhi, acheki simu.

Kaka yako