Tunachanga ili shati lipimwe

Ndugu wapendwa wa usharika, na marafiki wote mnaotuunga mkono,

Kuna shati kwenye stoo ya vielelezo vya mahakama. Limo ndani ya bahasha ya khaki iliyopigwa lakiri, na namba ya kesi iliyoandikwa juu yake imefifia hivi kwamba karani ilibidi aisogeze dirishani ndipo aisome. Wakili wetu aliiona bahasha hiyo kwa macho yake mwezi uliopita, baada ya kuambiwa mara mbili kwamba vielelezo vya kesi hiyo vilikwisha kuteketezwa. Tumshukuru Mungu kwamba bahasha ni ya karatasi. Nguo yenye damu ikifungwa kwenye nailoni huweka unyevu, huota ukungu, na vinasaba (DNA), yaani chembe za urithi zinazomtambulisha mtu, huharibika.

Shati ni la marehemu wa kesi hiyo, ambayo ni ya mauaji. Kwenye mkono wa kulia pana doa la damu ambayo si yake. Upande wa mashtaka wenyewe ulieleza kwamba muuaji alijikata katika purukushani akalichafua. Walipima kundi la damu, likatoka O, na mshtakiwa naye ni O. Akaletwa na shahidi aliyesema alimtambua mshtakiwa usiku, wakati wa kukimbia. Kijana akafungwa maisha. Huu ni mwaka wa 23. Mimi ninayeandika ni O pia, na katika kamati yetu ya watu 9 tuko 5. Kundi la damu linaweza kumtoa mtu kwenye orodha ya washukiwa, lakini kumtaja nani hasa, haliwezi. Doa lenyewe halijawahi kupimwa DNA.

Kamati ya huduma ya magereza imekuwa ikimtembelea ndugu huyu kwa miaka 6. Jina lake hatuliandiki hapa, kwa sababu familia ya marehemu nayo ina macho ya kusoma, na haijaomba kidonda chake kitoneshwe. Tunawasihi nanyi msiwatafute, msiwapigie simu, wala msitangaze popote kwamba mfungwa wetu hana hatia. Hatujui hilo. Tunachanga ili lijulikane.

Kwenye kikao cha kwanza mzee mmoja wa kanisa alisimama akauliza swali ambalo wengi walikuwa wanalimung'unya: "Na kama ni yeye?" Basi tulizungumze. Roger Coleman alitekelezewa hukumu yake ya kifo huko Virginia, Marekani, mwaka 1992, kwa kiti cha umeme, akisema hadi dakika ya mwisho kwamba hakuua. Watu wengi wa mbali walimwamini. Mwaka 2006 gavana wa jimbo hilo aliagiza kipimo kipya, na majibu yakaonyesha kwamba ni yeye. Waliomtetea waliyapokea hivyo hivyo, kwa uchungu. Nasi tumekubaliana kwa maandishi kwamba majibu yakimwangukia ndugu yetu, yatasomwa kanisani siku ile ile ambayo yangesomwa kama yangemsafisha.

Tulimpelekea karatasi hiyo aisome kabla ya kuweka sahihi. Aliisoma taratibu, kidole juu ya kila mstari, kisha akauliza kama sindano ya kuchukua sampuli inauma. Tukamwambia hakuna sindano: ni kijiti chenye pamba, kinasuguliwa ndani ya shavu, basi. Akacheka, akasaini. Siwezi kuapa kwamba kicheko ni ushahidi wa lolote, na msinichukulie hivyo.

Wapo wanaodhani DNA ni chombo cha kukamatia watu tu. Mara ya kwanza kabisa ilipotumika katika upelelezi wa mauaji, eneo la Leicester, Uingereza, mwaka 1986, ilianza kwa kumtoa mtu. Wasichana wawili walikuwa wameuawa kwa nyakati tofauti, na kijana wa miaka 17 alikuwa amekiri kosa moja. Alec Jeffreys, aliyegundua mbinu hii mwaka 1984 katika chuo kikuu cha mji huo, akapima na kukuta mhalifu ni mmoja kwa mauaji yote mawili, na siye kijana yule. Alikuwa amekiri, jamani! Mhalifu wa kweli, Colin Pitchfork, alifungwa mwaka 1988. Habari za kesi ile zikamfikia mfungwa mmoja wa Maryland, Marekani, Kirk Bloodsworth, aliyekuwa amehukumiwa kifo mwaka 1985, kisha akapewa kifungo cha maisha, kwa mauaji ya mtoto. Mashahidi 5 walikuwa wamesema walimwona. Alisoma gerezani akajiuliza: ikiwa kipimo kilimtoa yule, kwa nini kisinitoe mimi? Doa dogo kwenye nguo ya mtoto likapimwa, na akatoka mwaka 1993. Ilichukua miaka mingine 10 DNA kumtaja mwenye kosa, na kumbe alikuwa amefungwa kwa kosa jingine katika gereza lile lile. Wenye kulia kwamba tunaisahau familia ya marehemu wafikirie hapo. Asiyestahili akiwa ndani, anayestahili hajajibu kosa hilo, na huenda yuko nje.

Na kuhusu kuambiwa kwamba vielelezo vimeteketezwa: msikubali haraka. Sean Hodgson wa Uingereza, aliyefungwa mwaka 1982, aliambiwa hivyo, kisha vikapatikana kwenye ghala, na akaachiwa mwaka 2009 baada ya miaka 27. Huko Virginia, Marvin Anderson, aliyefungwa akiwa na miaka 18, naye aliambiwa havipo. Mwaka 2001 vipande vya pamba vya kesi yake vikakutwa vimebandikwa ndani ya daftari la maabara la Mary Jane Burton, mtaalamu aliyekuwa na tabia ya kubandika mabaki ya sampuli kando ya maelezo yake. Hakuna aliyemwagiza. Burton alikuwa ameshafariki. Ni kwa sababu hiyo wakili wetu alirudi kwa karani mara ya tatu.

Sasa fedha. Wakili hadai ujira wake. Tunalipia nakala za mwenendo wa kesi na hati za kiapo, kwa sababu sampuli haichukuliwi kwa kupenda: lazima mahakama iridhike kwamba kielelezo kipo, kimetunzwa bila kuchezewa, na kwamba majibu yanaweza kubadilisha hukumu. Tunamlipia mtaalamu atakayesoma majibu kwa upande wetu. Fungu kubwa ni maabara.

Maabara ya bei nafuu ipo, tuliijadili jioni nzima, tukaikataa. Doa ni dogo kuliko ukucha, na kipimo hula kile kinachopimwa; sampuli ikiisha imekwisha, hairudiwi. Tunataka maabara itakayokata nusu na kuiacha nusu imefungwa, ili upande wa mashtaka nao upime wakitaka. Tena mbinu ya siku hizi hunakili vinasaba kutoka chembe chache sana, na hapo ndipo shida ilipo: huokota pia chembe za kila aliyelishika shati. Enzi zile lilipitishwa mahakamani mikono mitupu. Kwa hiyo watahitajika kupimwa na watu wengine kadhaa, ili vinasaba vyao viondolewe kwenye hesabu, na kila kipimo kina gharama yake. Usafiri wa sampuli nao unalipiwa, kwani haitumwi kama kifurushi. Inasindikizwa na ofisa, na kila mkono inapopita panawekwa sahihi. Pengo moja katika mlolongo huo na majibu yote yanaweza kukataliwa, hata yawe safi namna gani.

Bajeti yote, kipengele kwa kipengele, imebandikwa kwenye ubao wa matangazo, pamoja na ankara ya maabara. Tumeshapata theluthi mbili. Theluthi iliyobaki tunaiomba kabla wakili hajawasilisha maombi, maana hatutaki mahakama ikubali halafu sisi tuanze kuzungusha kofia huku doa likizidi kuzeeka. Mahakama ikikataa, fungu la maabara litarudishwa kwa kila aliyechanga, kwa jina lake. Anayeona bora lake libaki kwa ajili ya rufaa ataandika hivyo, hatutamkisia.

Walioahidi siku ya mkutano wa familia na bado hawajatimiza, tunawakumbusha kwa upendo. Walio mbali watume kupitia akaunti ya usharika, wakiandika neno "shati" kwenye maelezo ya malipo, fedha isije ikachanganyika na ya paa. Mweka hazina atakuwa kwenye meza ya nje baada ya kila ibada, Jumapili hii na mbili zinazofuata, na kitabu cha stakabadhi. Msiondoke bila stakabadhi hata mkiwa na haraka, hata kama ni sarafu.

Katibu, Kamati ya Huduma ya Magereza