Mwenyeji anaposema "hapo hapana kitu": vivutio vya Marekani na wageni wetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme neno kuhusu ndugu na jamaa wanaokuja Marekani kutembea, na kuhusu sisi tunaowapokea. Mgeni hufika na orodha yake: Times Square, Sanamu ya Uhuru, Hollywood, Grand Canyon. Mwenyeji akiiona huguna. "Hapo hapana kitu," husema, na mama wa watu aliyekaa kwenye ndege mchana na usiku huishia kuzungushwa madukani. Siku ya kurudi hana picha hata moja ya kile alichokuja kukiona.

Mwenyeji ana sababu zake. Yeye hupapima mahali kwa adha ya kila siku, kwa kuwa hupapita akienda kazini na anajua chakula cha hapo ni ghali kuliko cha mtaa wa pili. Mgeni hupapima kwa kuwa huenda asirudi tena maishani. Kwa hiyo mwenyeji akikukataza, mwulize swali moja: unachokichukia ni mahali penyewe, au ni saa na njia ambayo wageni hupafikia? Mara nyingi utagundua ni hilo la pili.

Chukua Times Square. Watu wa New York hupakwepa kwa sababu umati husimama katikati ya njia kupiga picha, na nyuma yao yupo mtu anayewahi treni. Wapo pia waliovaa mavazi ya vikaragosi: ukipiga nao picha hudai dola. Tangu 2016 wanatakiwa kufanyia kazi hiyo ndani ya maeneo yaliyopakwa rangi chini, na wanachopewa ni bahashishi, hivyo hulazimiki kulipa wanachotaja. Mwingine atakutia mkononi CD ya muziki, aandike jina lako juu yake, kisha adai malipo. Usiipokee, weka mikono mfukoni na uendelee kutembea. Ukishayajua hayo, nenda baada ya magharibi, taa ndipo zinapopendeza, ukae nusu saa. Panda ngazi nyekundu zilizo kwenye Mtaa wa 47. Chini yake kuna kibanda cha TKTS kinachouza tiketi za maonyesho ya Broadway ya siku hiyo kwa punguzo linalofika hadi nusu ya bei, na hapo utamkuta hata mwenyeji amepanga foleni.

Lakini mkesha wa Mwaka Mpya msikilize mwenyeji bila ubishi. Desturi ya kuteremsha tufe la taa ilianza 1907, na kwenye televisheni inavutia sana. Aliyeko pale hufungiwa ndani ya vizuizi vya polisi tangu mchana, kwenye baridi ya Desemba, bila choo. Ukitoka kujisaidia nafasi yako imekwenda. Mzee au mtoto asipelekwe kabisa.

Sanamu ya Uhuru ndiyo inayoleta kutoelewana kukubwa zaidi, na hapa naona wenyeji wengi wanakosea. Ushauri wao ni mmoja: panda kivuko cha Staten Island, ni bure. Ni kweli hakilipishwi tangu 1997, hufanya kazi usiku na mchana, huondoka kituo cha Whitehall kusini mwa Manhattan na huchukua kama dakika 25. Ukitoka Manhattan kaa upande wa kulia. Mkifika St. George, kituo cha upande wa pili, kila abiria hutakiwa kushuka, kisha mnazunguka ndani ya jengo na kupanda tena kurudi. Kwa familia ya watu sita isiyo na fedha za kuchezea, ni ushauri mzuri.

Ila kivuko hicho hakitii nanga penye sanamu. Unaiona kwa mbali na kupita. Pia hakifiki Ellis Island, ambako kati ya 1892 na 1954 walipita wahamiaji wapatao milioni 12, na kwa msafiri anayetaka kuelewa Marekani ni nchi ya namna gani, mimi nasema jumba la makumbusho la Ellis Island lina uzito kuliko sanamu yenyewe. Anayetaka kukanyaga visiwa hivyo apande boti za Statue City Cruises, kampuni pekee inayoruhusiwa kufunga gati hapo. Huondokea Battery Park, Manhattan, au Liberty State Park, Jersey City, ambako foleni huwa fupi. Tiketi moja inatosha kwa visiwa vyote viwili na makumbusho yake. Mtakaguliwa kama uwanja wa ndege, basi mizigo mikubwa ibaki nyumbani. Chukueni boti za asubuhi. Atakayepanda baada ya saa nane mchana hatapata muda wa kutosha kwenye visiwa vyote viwili. Kupanda hadi kwenye taji kunahitaji tiketi ya peke yake inayokatwa mapema sana, na kutoka juu ya msingi wa sanamu kuna ngazi 162 nyembamba zinazojizungusha, bila lifti. Mwenye matatizo ya magoti au moyo abaki chini.

Wageni wengi huliwa fedha zao kabla ya kufika gatini. Barabara za kuelekea Battery zimejaa wapiga debe waliovaa vizibao, wanaouza tiketi za boti zinazopita tu mbele ya sanamu bila kusimama, na wapo waliowahi kuwauzia watu "tiketi" ya kivuko cha bure. Usinunue chochote njiani. Nunua kwenye tovuti ya kampuni au dirishani ndani ya Castle Clinton, ile ngome ya mviringo iliyo ndani ya bustani.

Kuhusu maghorofa, mwenyeji anayekukataza kupanda jengo la Empire State yuko sahihi kwa hoja nyepesi kabisa: ukiwa juu ya Empire State huioni Empire State. Picha ambayo mgeni anayo kichwani hupigwa kutoka jengo la Rockefeller. Na Daraja la Brooklyn, lililofunguliwa 1883, linawapatanisha wote. Lianzie upande wa Brooklyn ili Manhattan iwe mbele yako muda wote. Ni kama kilomita 1.8, na tangu 2021 baiskeli zina njia yake chini, kwa hiyo waenda kwa miguu hawasukumwi tena. Wapo watu wa New York wa miaka kumi ambao hawajalivuka kwa miguu hadi wapate mgeni. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

San Francisco kuna Fisherman's Wharf, eneo la magati, ambako mwenyeji hakanyagi. Simba-bahari waliohamia magati ya Pier 39 mwishoni mwa 1989 wanafaa kutazamwa dakika kumi, bure, kisha uondoke. Maduka ya hapo ni ya vikumbusho. Alcatraz, kisiwa cha gereza, ni habari nyingine. Gereza lile la serikali kuu lilifungwa 1963, na hata wazaliwa wa mji huo hulisifu kwa sababu ya sauti zilizorekodiwa za waliokuwa askari na wafungwa zinazokusimulia ukitembea korido. Makosa ya wageni ni mawili: hudhani tiketi zipo siku hiyo hiyo, ilhali majira ya joto huisha wiki kadhaa kabla, na huenda Pier 39 wakati boti huondoka Pier 33. Treni za kamba zinazopanda vilima foleni yake ni ndefu pale Powell na Market. Njia ya California Street nayo ni ya treni za kamba, na msongamano wake ni mdogo. Chukua sweta hata Julai, kwani ukungu wa bahari huingia mjini wakati bara kunaunguza. Na kwenye gari la kukodi usiache hata mfuko mtupu, maana vioo huvunjwa.

Hollywood nampa mwenyeji ushindi. Njia ya nyota (Walk of Fame) ni kilomita mbili hivi za barabara ya kawaida, chafu mahali pengi, yenye majina zaidi ya 2,700 ardhini. Mgeni hutarajia waigizaji, na studio nyingi kubwa ziko kwingine, Burbank na Culver City. Ile alama ya herufi kubwa mlimani ilianza 1923 kama tangazo la viwanja, ikisomeka Hollywoodland. Sehemu ya mwisho, "land", iliondolewa 1949. Haiguswi, imezungushiwa uzio, na wakazi wa Beachwood Canyon, mtaa ulio chini yake, wanachukia magari ya wageni kwa haki: barabara zao ni nyembamba na gari la zimamoto likikwama nyumba zinateketea. Itazame kutoka Griffith Observatory, jengo la 1935 lisilo na kiingilio. Hufungwa Jumatatu, na basi la DASH hupanda huko kutoka kituo cha treni cha Vermont/Sunset.

Mount Rushmore, jimbo la South Dakota, hapahusu foleni wala bei. Wageni huona nyuso nne za marais, kila moja yenye urefu wa meta 18 hivi, zilizochongwa kati ya 1927 na 1941. Walakota, wenye asili ya pale, huona milima yao mitakatifu waliyoahidiwa kwa mkataba wa Fort Laramie wa 1868, kisha wakanyang'anywa 1877 baada ya dhahabu kupatikana. Mwaka 1980 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikubali kuwa walistahili fidia ya zaidi ya dola milioni 100. Walikataa kuipokea, kwa kuwa wanachodai ni ardhi. Anayekwenda aende akijua hilo; pale hana haki ya kumwambia Mlakota kwamba ni mandhari tu.

Mwisho, Grand Canyon. Wakala akikuuzia safari ya siku moja kutoka Las Vegas, mwulize ni upande gani. Skywalk, lile daraja la kioo la 2007, liko kwenye ardhi ya kabila la Hualapai, nje ya Hifadhi ya Taifa. Korongo lile la kwenye picha maarufu hutazamwa South Rim, yaani ukingo wa kusini, mwendo wa saa nne kwa gari kutoka Skywalk.

Sisi tuliozoea bei ya mwenyeji na bei ya mgeni Serengeti na Maasai Mara tusishangae kwamba, kuanzia Januari 2026, asiye mkazi wa Marekani huongezewa dola 100 kwa kila mtu wa miaka 16 na zaidi kwenye hifadhi 11, zikiwemo Grand Canyon, Yellowstone na Yosemite. Kadi ya mwaka kwa asiye mkazi ni dola 250. Atakayezuru hifadhi tatu kati ya hizo anunue kadi. Skywalk kadi hiyo haipokelewi. Huko mnalipa kwa Wahualapai wenyewe.

Msomaji wako,
Jersey City, New Jersey