Mungu hakusubiri tustahili

Mhariri naomba nafasi. Juzi hapa Dodoma, soko la Majengo, kijana kadakwa na simu ya mama muuza mbogamboga, watu wakaanza kupiga kelele achomwe huyo, na wengine nawajua kabisa jumapili tunakaa benchi moja kanisani. Iliniuma mno. Jamani Warumi 5 inasema Kristo alitufia tukiwa bado wenye dhambi, tena maadui wa Mungu, sio baada ya kujirekebisha, na pale msalabani akawaombea msamaha haohao waliomsulubisha. Sasa sisi nani tuseme huyu hastahili? Kijana anatetemeka, kandambili moja haipo, ni yule mama mwenye simu ndo akasema muacheni, mpelekeni polisi. Wachungaji wetu liongeleeni hili jumapili, bila kumung'unya maneno.

Msomaji wenu, Dodoma